Mnoa Visu na Maumivu Aliyoyaficha

Makali alinoa visu kwa baiskeli. Gurudumu la nyuma aliliinua kwa stendi, akaliunganisha kwa mkanda na jiwe la kunolea, kisha akapanda kitini na kukanyaga pedali. Jiwe lilizunguka, cheche ziliruka, na wateja walisubiri zamu zao mbele ya duka la nyama.

Siku hizi hakutulia. Alikaa kidogo, akasogea upande, akasimama, akakaa tena. Kila baada ya visu viwili vitatu aliingia nyuma ya duka, akatia mkono ndani ya suruali, akabonyeza. Bado panauma. Ndiyo mazoea ya kazi yake. Kila kisu alikijaribu kwa kidole gumba kabla ya kukirudisha, na mwili wake nao alitaka kuujaribu.

"Bwana Makali, leo umekalia miiba?" muuza nyama alimtania. "Unajigeuza kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Watu wakacheka. Makali naye akacheka, lakini moyoni hakuwa na raha.

Wiki saba zilikuwa zimepita tangu afunge uzazi. Aliamua mwenyewe. Mkewe alipojifungua mtoto wa nne alitoka damu nyingi, nusura wampoteze. Makali akasema sasa ni zamu yake. Kliniki walimfunga mirija inayopitisha mbegu, kazi ya muda mfupi, wakamwambia apumzike wiki nzima. Siku ya tatu alikuwa juu ya baiskeli.

Sasa alijiuliza kama ameharibika. Hakumwambia mkewe, asije mama wa watu akajilaumu. Akawa anamkwepa, analala akimpa mgongo. Mkewe alizidi kumtengea maji ya kuoga kila jioni bila kuuliza. Asubuhi ile ndipo alipouliza, "Baba watoto, unajuta? Kama umenichoka, niambie."

Alijibu amechoka na kazi tu, akatoka bila kunywa chai.

Mchana alikuja muuguzi wa mtaa, mama mtu mzima, na visu vyake vya jikoni. Alimwona anavyojigeuza. Alikuwa wa kwanza kufika, lakini aliwapisha wateja wote mpaka akabaki yeye na Makali tu.

"Tangu lini, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Makali akamweleza. Homa hakuwa nayo, wala usaha. Kidonda kilikuwa kimepona, ila juu ya korodani alihisi kivimbe kama harage.

"Basi twende kliniki wakakuone. Usikae unabahatisha."

Daktari alimpima. Hakuona ugonjwa wa hatari. Alimweleza kwamba mbegu zinaweza kuvuja kidogo pale mirija ilipofungwa, mwili ukazizungushia kivimbe. Mara nyingi maumivu hupungua yenyewe, kwa wiki au miezi.

"Unapabonyeza mara ngapi kwa siku?" daktari akauliza.

Makali akaona haya. "Kama mara kumi."

"Hicho si kisu, bwana. Ukikichokoza kila saa, kitauma kila saa."

Alimpa dawa ya kutuliza maumivu, anywe kama ilivyoandikwa. Alimwambia avae chupi inayoshikilia vizuri, akae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na asikalie baiskeli kwa wiki tatu. Akiona homa, wekundu au uvimbe unaoongezeka, arudi mara moja. Maumivu yakipita miezi mitatu pia arudi, kwa sababu tiba nyingine zipo. Na mpaka kipimo kionyeshe mbegu zimekwisha, watumie kondomu.

Jioni alimwambia mkewe yote, hata alivyoogopa kwamba angejilaumu.

Mkewe aliangua kicheko huku machozi yanamtoka. "Nijilaumu kwa baiskeli uliyopanda mwenyewe? Mimi nilidhani umenichoka, kumbe umeshindwa kukaa."

Kesho yake Makali alinoa amesimama, mkono mmoja ukizungusha pedali. Muuza nyama aliambiwa tu kwamba daktari amekataza kiti. Hakuuliza zaidi. Kila alipopata nafasi alikuja kumzungushia.

Wiki zilipita. Maumivu yalipungua, yakawa ya kuja siku mojamoja, kisha yakaisha. Kipimo nacho kikaonyesha mbegu hazipo. Makali alirudi kitini, akakanyaga mpaka jioni, na muuza nyama akamsimulia kisa chote.

Siku moja muuza nyama alimvuta pembeni. Akasema mkewe amechoshwa na vidonge vya kupanga uzazi, naye amekuwa akiwaza. Je, ile kazi ya kliniki inauma?

"Kidogo," Makali akasema. "Lakini pumzika wiki nzima. Ukisikia lolote, mwambie mkeo siku hiyohiyo."

"Na duka?"

"Nitauza mimi."

Muuza nyama akamtazama. "Wewe? Wateja utawakatia vipande vya bure."

"Basi pona haraka," Makali akasema.