Lengelenge la Mpiga Tarumbeta

Nyuma ya ukumbi wa harusi, katika kachumba ambamo wapiga picha na mashangazi walikuwa wakipigana vikumbo, mpambaji alikuwa akimalizia kope za bibi harusi. Ghafla akajipenyeza mwanamume mrefu, suti rangi ya zabibu, tai imepinda, akainama mbele ya kioo bila hata kubisha hodi.

"Dada, nisitiri hapa," alisema akionyesha pembe ya mdomo wake. "Mimi ndiye wa tarumbeta. Ukumbi mzima utanitazama mdomo."

Mpambaji akatazama. Vilengelenge vidogo vilikuwa vimejikusanya hapo, vyekundu, vinang'aa.

"Hiyo ni hepesi."

"Hii? Hii homa tu. Tangu utotoni inanitoka nikichoka."

"Ndiyo hiyo hiyo. Ni kirusi. Wengi tunakipata tukiwa wadogo, mtu mzima anakubusu, basi. Na brashi yangu haigusi hapo, kaka. Kesho inakwenda kwenye midomo ya bibi harusi mwingine."

"Sasa nipige tarumbeta nimejifunika gunia?"

Mpambaji akacheka bila kupenda. Akachota rangi kidogo kwa kijiti cha pamba, akampaka taratibu, kijiti akakitupa kwenye pipa. "Usibusu mtu mpaka pakauke. Hasa watoto."

"Na pakikauka?"

"Pakikauka, mkeo atajua."

"Sina mke."

"Sijakuuliza."

"Najua. Nimejitolea tu kukwambia."

Wiki iliyofuata simu ikalia saluni alikofanya kazi mpambaji. "Fundi, pamekauka."

"Nani mwenzangu?"

"Mwenye mdomo."

Ndivyo yalivyoanza. Mwanamume alimwita Fundi, naye mpambaji akamwita Kelele. Walipokuwa mbali, Kelele aliweka simu juu ya kigoda na kumpigia tarumbeta mpaka majirani wagonge ukuta. Walipokuwa pamoja walicheka hovyo, wakibishana juu ya viatu vyake ambavyo Fundi aliapa vilinunuliwa gizani. Fundi alimpenda. Alipenda hata jinsi alivyokuwa akijishika mdomo na kusema, "Leo panawashawasha, leo nakupungia mkono tu."

Lakini yule mwanamke, hodari wa kuwafundisha watu habari za midomo yao, alikuwa na lake moyoni. Kwa miaka kadhaa malengelenge kama yale yalikuwa yakimtoka mahali ambapo hapapakwi rangi. Alikuwa akinunua krimu duka la dawa, ambako hakuna maswali mengi, na hakuwahi kupima. Mchumba wake wa zamani alipodokezwa tu, alivaa viatu akaenda zake. Kwa hiyo Kelele alipoanza kutaja habari za kumpeleka kwa mama yake, Fundi alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Akisema, atampoteza. Asiposema, atamdanganya.

Jioni moja Kelele alimpikia chakula, kikaungua, wakakila hivyo hivyo. Kisha akamvuta karibu. Tangu asubuhi Fundi alikuwa akihisi mchomo ule anaoujua. Akaruka wima, akakamata mkoba.

"Siwezi."

"Kwa nini, mpenzi?" Kelele akajishika mdomo. "Ni hili, sivyo? Siku ya kwanza uliniambia brashi yako haigusi hapa. Kumbe hata wewe hutaki kugusa."

"Siyo hilo!"

"Basi ni lipi?"

Fundi akaupachika mkoba begani.

"Mtu akikuonea kinyaa unajua, Fundi," alisema kwa upole uliouma kuliko matusi. Akamfungulia mlango.

Simu ikanyamaza. Tarumbeta nayo ikanyamaza, majirani wakapumzika.

Siku ya pili yake, dada mkubwa wa Fundi, mwenye saluni, ndiye aliyemkuta akilia, uso ameuficha kwenye shela ya mteja.

"Toka hapo, unalilia shela ya watu! Una nini?"

Fundi akamwaga yote. Dada akamsikiliza mikono kiunoni.

"Umepima?"

"Nipime nini, dada? Najua."

"Hujui, unakisia. Kidonda bado kibichi?"

"Dada!"

"Jibu. Kipo? Haya, vaa viatu."

Muuguzi wa kliniki alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, maneno yake hayana haya wala dharau. Alipitisha kijiti cha pamba juu ya kidonda, akasema amefanya vizuri kuja mapema, kwa kuwa kidonda kipya ndicho kinachotoa majibu ya kuaminika. Majibu yalipotoka, akamkalisha.

"Ni hepesi, aina ya pili. Ni ndugu wa ile ya mdomoni. Haitoki mwilini, mwanangu, inalala kwenye mishipa ya fahamu, siku nyingine inaamka. Ikianza kuwasha, unameza vidonge mapema, inakwisha haraka. Ikikusumbua mara kwa mara, kuna vya kumeza kila siku."

"Nani aliniambukiza?"

"Kipimo hakisemi nani wala lini. Usijichoshe kumsaka."

"Kwa hiyo sitaolewa?"

Muuguzi akavaa miwani ili amtazame vizuri. "Nani kasema? Wenye hepesi wanaolewa na wanazaa. Ukishika mimba utamwambia mkunga mapema, basi. Lakini huyo wa kukuoa naye utamwambia. Hiyo siyo kazi yangu, ni yako."

Fundi akarudi nyumbani, akajifungia chumbani, akapiga simu.

"Kelele, usikate. Nikikuona uso nitashindwa." Akasema kila kitu kwa pumzi moja, hadi jina la ugonjwa na aina yake.

Upande wa pili kigoda kikaburutwa, Kelele akaketi.

"Kwa hiyo hukuwa ukinionea kinyaa?"

"Hata siku moja."

"Na mimi hapa najipaka asali mdomoni asubuhi na jioni kama mkate!" Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Fundi, sikufichi. Naogopa kidogo."

"Ogopa. Una haki."

"Niache nifikiri."

Simu ikakatika. Fundi akakaa kitandani akiwa na hakika kwamba viatu vimeshavaliwa. Alilia, lakini ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi.

Asubuhi, usingizi ukiwa bado machoni, simu ikalia. "Yule muuguzi wako yupo leo? Nina maswali."

Na alikuwa nayo! Kelele aliketi kliniki kwenye kiti cha plastiki, Fundi pembeni yake, akihoji kama mtu anayenunua gari lililotumika. Je, kondomu inazuia? Inapunguza hatari, akajibiwa, lakini haifuniki kila mahali. Vidonge vya kila siku je? Fundi akivimeza, vinapunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenzake kwa karibu nusu. Na siku ambazo hakuna kidonda? Hatari ipo, ila ni ndogo.

"Siku za dalili mnapumzika kabisa," alisema muuguzi. "Ukiyafuata yote hayo, hatari inapungua mno. Sitakudanganya kwamba inakwisha. Na wewe ya mdomoni ikikuchomachoma, weka huo mdomo mbali naye, juu na chini."

Fundi akajificha uso kwa mkoba.

"Kipimo cha damu kitatuonyesha kama na wewe unayo aina ya pili. Huenda unayo na hujui, wengi hawana dalili." Muuguzi akamtazama Kelele. "Ila hatujaulizana. Wewe ni nani wake?"

"Mchumba wake."

Mkoba ukashuka. "Tangu lini?"

"Nilitaka kukuuliza tukitoka nje. Nilikuwa nimepanga na maneno."

"Muulize hapa hapa," muuguzi akasema, "nina watu wanasubiri."

Kelele akageuza kiti, kikalia kwa sauti ya aibu. Maneno yote aliyopanga yakamtoroka. Akamshika mikono yote miwili.

"Nimesikia yote, Fundi. Bado naogopa kidogo. Utanikubali?"

Fundi alimtazama mtu huyu aliyebaki chumbani baada ya kujua. Machozi yakamtangulia, sauti ikafuata.

"Ndiyo!"

Aliitamka kwa nguvu hadi ikafika kwenye foleni nje ya mlango, na mtu mmoja huko akaanza kupiga makofi bila kujua anashangilia nini.