Chupa ya Rafu ya Kushoto

Ijumaa ile jioni nilibaki peke yangu chumba cha panya, nibadilishe chupa zao za maji. Kazi ya nusu saa tu. Mawazo yangu yote yalikuwa nyumbani kwa mama, aliyevunjika nyonga na hawezi hata kuinuka kunywa maji.

Nikueleze kidogo. Panya wetu ni wa utafiti. Nusu wanakunywa maji safi. Hao tunawatoboa ukingo wa sikio la kulia. Nusu wanakunywa maji yenye kemikali inayowaotesha saratani ya tumbo, ili madaktari wajue namna ya kuitibu. Hao tunawatoboa la kushoto. Chupa zote ni sawa, zina mrija wa chuma na gololi ndani yake. Panya akilamba, gololi inalia.

Tik... tik...

Chupa safi hukaa rafu ya kulia. Za kemikali hukaa ya kushoto, zikingoja kuchomwa.

Wiki tano nyuma nilimpelekea mama chupa moja, anyonye akiwa amelala. Niliitoa rafu ya kulia. Naapa... Basi, nadhani. Umeme ulikuwa umekatika, nami nina papara zangu. Haraka haraka haina baraka, huwa nawaambia wenzangu. Mshauri mkubwa mimi!

Nikiwa nashika chupa ya mwisho, vizimba vyote vikanyamaza. Panya mia mbili, kimya.

Halafu harufu ya mafuta ya karafuu...

Nilimjua mtu mmoja tu aliyejipaka mafuta hayo kazini. Mzee Funika, aliyenifundisha kazi. Tulimwita hivyo kwa sababu kutwa alikuwa akitukemea, "Funika chupa! Mwanga unaharibu dawa!" Alikuwa akijipaka tumboni, maumivu yalipoanza.

Tulimzika mwaka jana.

"Moja haipo," mtu akanong'ona kisogoni kwangu.

Sikugeuka.

"Ipi, mzee?"

"Ya kushoto."

Nilitoka mbio, mlango sikufunga. Njia nzima nilikuwa najilaani. Mama yangu, jamani! Mama yangu mwenyewe!

Nilimkuta kitandani, anatabasamu. Mezani hapakuwa na kitu.

"Mama, chupa iko wapi?"

"Si mwenzako wa kazini kaichukua sasa hivi? Mzee wa watu, mpole kweli. Kanifunika shuka mpaka kidevuni. Ananukia karafuu."

Nikakaa chini. Nililia, sioni haya kusema. Chupa imekwenda, nikajiambia, yameisha.

"Ila vidole vyake ni baridi, mwanangu. Alinishika sikio."

"Lipi?"

"Nitajuaje, na usingizi ule?"

Nikawasha taa. Nikasogeza kitambaa chake cha kichwa upande wa kulia. Ee Mungu, iwe huku. Nakuomba, iwe huku.

Nikapapasa ukingo wote, juu hadi chini, mara mbili.

Sikio lilikuwa zima.

"Hebu geuza na huku basi," mama akasema, akicheka. "Huku ndiko kunakoniwasha."