Hodi Kwenye Pipa

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwa mwokaji mikate na hamira mfukoni. Nilikimbia, mimi mtu mzima, fundi viatu ninayeheshimika mtaani. Waliocheka wacheke. Nyumbani baba alikuwa hali, hanywi, hata maji anayatema. Kitu kimoja tu alikuwa anakitaka: bia ya Kengele.

Sasa Kengele utaipata wapi? Kiwanda alichofanyia kazi ujana wake wote kilishafungwa, na bia yake ikafa nacho. Basi nikaanza kuipika mwenyewe jikoni, kwenye pipa la plastiki linalonifika kiunoni. Kimea, maua machungu, sukari iliyounguzwa, hamira. Baba alinielekeza kila kitu kutoka kitandani, na sharti moja hakuchoka kulirudia.

"Kabla hujafunika, gonga. Piga hodi. Usikilize."

"Baba, si pipa naliona mpaka chini?"

"Piga hodi!"

Haya. Nikawa napiga hodi kwenye pipa kama mwehu, mke wangu kajishika mbavu kwa kicheko. Na kila bia ilipoiva baba alionja, akatema. "Siyo," anasema, na macho yanazidi kudidimia.

Jioni ile ya hamira, pumzi yake ilikuwa inakwama. Mke wangu hakucheka tena. "Baba watoto, fanya haraka," alininong'oneza. Nikamimina hamira, nikafunika, nikarudi mbio kumshika mzee wangu mkono.

Sikupiga hodi.

Mungu alimwachia siku chache zaidi. Nilikaa naye nikimbembeleza asiende, bia iko karibu, avumilie tu. Kisha jioni moja harufu ikaingia chumbani. Sukari ya kuungua... chuma... na nguo za kazi zilizolowa jasho.

Nikachota kikombe. Baba akaonja.

Akameza.

Akaomba tena! Nililia kwa furaha, sikuona haya. Lakini yeye alinikazia macho.

"Ndiyo yenyewe. Hukupiga hodi, wewe."

Nikamshikia kikombe anywe.

"Kule kiwandani, kufunika tangi ilikuwa kazi yangu. Lazima upige hodi kwanza, maana mwosha tangi anaweza kuwa bado yumo. Siku moja nilikuwa na haraka..." Akafuta midomo. "Bia ya siku ile, watu waliisifu kuliko zote. Wakubwa wakahangaika kuirudia ladha yake. Ikawashinda mpaka wakafunga."

"Na mwosha tangi, baba?"

Ko. Ko. Ko.

Jikoni. Ndani ya pipa.

"Ananikumbusha zamu," baba alinong'ona. Hakuonekana kuogopa, na hilo ndilo lililonitisha. "Nenda kaniletee shati langu la kazi."

Nikaenda. Ningemkatalia vipi? Shati lilikuwa chini kabisa ya sanduku chumbani kwetu. Niliporudi nalo, kitanda kitupu. Mtu ambaye kwa wiki nzima hakuweza hata kujigeuza! Ndala zake nilizikuta jikoni, zimepangwa vizuri kando ya pipa. Mfuniko umefungwa.

Niliung'oa, nikaingiza mkono hadi begani. Pipa linalonifika kiunoni, ndugu yangu...

Sikugusa chini.

Tulimtafuta kila mahali. Polisi walikuja, ndugu walikuja. Wanasema homa ilimpanda kichwani, akatoka, akapotelea huko. Nawaitikia tu. Mke wangu, aliyekuwa uani akianua nguo, anaapa hakuna aliyepita mlangoni.

Amerudi kwao na watoto. Hakunigombeza, aliniambia nichague: pipa au wao. Nitachaguaje jamani? Hamira isipolishwa inakufa. Nikimwaga, namwaga nani? Kwa hiyo kila jioni nafunga kibanda changu cha viatu mapema, naongeza sukari, na kabla ya kufunika nagonga.

"Hodi, baba."

"Karibu."

Sauti yake kabisa, ile ya enzi ana nguvu zake. Nalia kidogo, nafunika, naenda kulala. Nilijiambia inanitosha.

Jana hakuishia hapo.

"Karibu, mwanangu," alisema, na nyuma yake nikasikia mtu mwingine akicheka taratibu. "Mbona kila siku unaishia mlangoni?"