Mapazia ya Nasma

Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, Ibrahimu alifungua kabati la oda dukani kwake Usagara, akakuta rafu tupu. Mapazia ya harusi ya Nasma hayapo. Bibi yake Nasma, Bi Mwatumu, alikuwa kasimama nyuma yake na risiti mkononi, kaja kuyachukua.

Nje, watu wa punguzo la Jumamosi walikwishapanga foleni, na mlango ulikuwa wazi. Ibrahimu alipomwita Sabiha mwizi, foleni nzima ilisikia.

Sabiha, muuzaji aliyetunza oda za wateja, alikuwa aolewe Ijumaa inayofuata. Wakwe wangemwozeshaje mtoto wao kwa binti aliyelala mahabusu? Ibrahimu akatoa simu aite polisi.

"Mapazia ni yangu," alisema Bi Mwatumu. "Nipe dakika kumi."

Akauliza, akajibiwa. Duka lilifungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mvua ilinyesha baada ya magharibi. Ibrahimu alikuwa mazikoni Mwera, karudi alfajiri. Kufuli halikuvunjwa, na funguo ni tatu: wake, wa Sabiha, na wa shemeji yake Zubeiri, msimamizi. Lakini jana Noa, mpakiaji, aliazima ufunguo wa Sabiha akashughulikie magodoro. Zubeiri akasema hapo hapana cha kuuliza, hao wawili wamekula njama.

Bi Mwatumu alikuwa akitazama sakafu. Nyayo za tope lililokauka zilitoka mlangoni, zikafika ukingo wa zulia jeupe mbele ya kabati, zikakoma. Zulia lenyewe safi. Nyayo zilikuwa ndefu, laini, hazina meno. Mbili za mwisho zimekaa sambamba, ncha zikielekea mlangoni.

"Kitendawili," alisema.

Noa, bila kupenda, akajibu, "Tega."

"Namwacha nje, naingia bila yeye. Nikitoka, yupo ananingoja."

Bi Mwatumu akavua ndala, akapanda zuliani, akawaita waje watazame matamvua ya upande wa pili.

Noa akapanda na mabuti yake, Ibrahimu akamkemea kama kawaida. Sabiha akaacha viatu vyake vidogo palepale, ncha zikitazama kabati. Zubeiri akavua makubadhi yake, akainama, akayageuza yatazame mlango, akayaweka sawia. Yakakaa juu ya alama za tope kama yaliyopimwa.

"Kiatu," alisema Bi Mwatumu. "Hata kuiba, mwanangu, hukuweza kukanyaga zulia la watu na viatu. Mama yako alikulea vizuri, ukamwangusha mwenyewe."

Zubeiri alicheka kidogo. Akasema nusu ya Tanga hugeuza viatu hivyo.

"Nusu ya Tanga haina ufunguo."

Ibrahimu akamnyooshea Zubeiri mkono apewe funguo za gari lake. Mwishowe Zubeiri akazitoa. Nyuma ya gari, saa mbili na dakika arobaini, mapazia ya Nasma yalikutwa chini ya mashuka na mazulia mazima, yote yamebandikwa lebo za kasoro.

Ndipo Sabiha aliposema. Alhamisi alimuuliza Zubeiri nani anabandika lebo hizo kwenye vitu visivyo na doa. Zubeiri, macho chini, akamalizia mwenyewe: alivinunua kwa bei ya kasoro, vikaenda duka la mkewe Pangani. Sabiha angemwambia Ibrahimu. Bora binti afukuzwe kwanza kama mwizi, asisadikiwe na mtu, ndiyo maana akayachukua mapazia.

Ibrahimu aliwapigia polisi waje wamchukue shemeji yake. Kisha akamgeukia Sabiha, akaanza kuomba radhi kwa sauti ya chini.

"Sivyo, kaka Ibrahimu," alisema Sabiha. "Mwizi uliniita mlango wazi."

Ibrahimu akatoka, akasimama kizingitini mbele ya foleni, akasema kwamba binti huyu hakuiba kitu, yeye ndiye aliyekosea. Mama mmoja wa nyuma akalalamika hakusikia vizuri.

"Rudia," alisema Sabiha.

Akarudia.