Wavu wa Handaki

Haya yalimpata shoga yangu, mshonaji. Tangu amzike mumewe, alikuwa hataki hata kuitazama reli ndogo ya treni aliyoijenga marehemu bustanini. Lakini siku paka alipoangusha mabehewa, roho ilimuuma. “Koma wewe! Hiyo treni ya baba yako!” Akaziba midomo yote miwili ya handaki la reli hiyo kwa wavu, akasokota waya kwa nje.

Alasiri akasikia kitu kikikwaruza gizani mle handakini. “Maskini mwanangu, nimekufungia!” Akapiga magoti afungue. Paka akaja kujisugua mgongoni pake.

Mkwaruzo ukakoma. Akaupapasa wavu, machozi yakimlengalenga. Ncha za waya sasa zilikuwa kwa ndani, zimesokotwa kinyume, kama alivyozoea kusokota marehemu kwa mkono wake wa kushoto.