Tofali la Asteria

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Asteria alifagia uwanja na kuchota maji. Wiki hiyo aliongezewa kazi moja: kumwagilia tofali.

Halikuwa tofali la kuchoma, kama yale ya nyumba nyingi za kijiji chao huko Ushetu. Fundi Mihayo, aliyekuja kujenga wodi ya wazazi kwenye zahanati, alilishindilia kwa mashine ya mkono, kwa udongo na saruji kidogo tu. Alimkabidhi Asteria, kiongozi wa klabu ya mazingira shuleni.

"Lifunike kwa gunia, ulimwagilie asubuhi na jioni, siku saba," alimwagiza. "Saruji bila maji haishiki."

Mzee Masele, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alilicheka tofali hilo. Kwake, tofali lisilopita tanurini ni udongo tu. Alitaka miti ikatwe kwenye ngitili, eneo la malisho na miti ambalo kijiji hulitunza kwa ajili ya kiangazi, ili itumike kuchomea matofali. Yeye na Fundi Mihayo wakakubaliana tofali hilo la mfano lilowekwe majini mbele ya mkutano wa kijiji. Likishindwa, mashoka yataingia ngitili.

Siku mbili za mwanzo Asteria alimwagilia vizuri. Siku ya tatu mchezo wa rede, wa kukwepa mpira, ulinoga, akasahau. Baada ya hapo alijidanganya kwamba maji ya mwanzo yanatosha.

Siku ya mkutano, Fundi Mihayo alilitumbukiza tofali kwenye beseni. Haikupita saa moja, pembe zikamomonyoka na maji yakawa tope.

"Hiyo ndiyo wodi?" Mzee Masele aliuliza, watu wakaangua kicheko. "Kesho tunaingia ngitili!"

Fundi Mihayo aliinamisha kichwa. Hakuna aliyejua kilichotokea isipokuwa Asteria. Alisimama mbele ya watu wote.

"Shikamooni. Kosa si la tofali, ni langu. Nilimwagilia siku mbili tu, nikaenda kucheza rede. Naomba siku saba nyingine."

Muuguzi wa zahanati, Mama Apolonia, akasema, "Mtoto amesema kweli mbele ya kijiji kizima. Sisi tutashindwa kusubiri siku saba?"

"Haya," Mzee Masele alikubali. "Ila tofali nitalishindilia mimi, na nitapita kulikagua."

Alipita kweli, na kila mara alikuta gunia limelowa.

Siku ya nane, mbele ya mkutano, tofali lilikaa kwenye maji tangu asubuhi hadi alasiri. Lilitoka zima. Mzee Masele akaligonga kwa fimbo, akalidondosha chini, mwisho akapanda juu yake kwa miguu yote miwili. Halikutikisika! Vigelegele vililipuka, naye akacheka kuliko wote.

"Wabeja, mwanangu! Asante! Ngitili isiguswe!"

Leo wodi imesimama. Madirisha yake mapana yameelekea upepo, na joto hutoka kupitia matundu ya juu ya paa, hivyo hakuna jenereta la kunguruma mchana kutwa ili kuzungusha feni. Mtoto wa kwanza kuzaliwa humo ni mjukuu wa Mzee Masele.

"Tumejenga bila kuchoma hata mti mmoja, na hewa ukaa tuliyoipeleka angani ni kidogo," Mama Apolonia alimwambia Asteria siku ya ufunguzi. "Lakini ungenyamaza siku ile, miti yote ingekwisha. Ukikosea, sema mapema, kisha rekebisha."

Asteria alifurahi mno. Jioni hiyo alicheza rede mpaka akachoka, baada ya kumwagilia miche yote iliyopandwa kuizunguka wodi.