Picha Zilizogeukia Ukuta

Haya yalimfika rafiki yangu Verlin, huku huku milimani. Alikwenda kwa Bibi Ocie kuomba picha za kale za mji wetu, zitundikwe ukumbini kanisani. Akakuta kila picha sebuleni imegeuzwa ikatazama ukuta, kama tufanyavyo nyumba ikiwa na maiti.

"Pole, bibi. Nani kafariki?"

"Hapa hajafa mtu!" bibi akafoka. "Zimegeuka zenyewe ulipokanyaga baraza yangu. Toka!"

"Acha vituko, bibi. Nipe hata moja."

"Huna haya? Wenyewe waliomo pichani hawataki kukuona, nawe bado unawang'ang'ania!"

Verlin akanyakua mezani kadi ya posta yenye picha ya wachimba makaa ya mawe, akatoka akicheka, matusi yakimsindikiza hadi barabarani.

Alipofika kwake giza lilishajaa bondeni. Alipofungua mlango tu, akasikia mbao zikikwaruza kuta zote, kwaru, kwaru, kisha kimya. Akawasha taa. Baba yake, mama yake, harusi ya dada yake, fremu zote zilikuwa zimegeukia ukuta, zingali zikibembea kwenye misumari.

Na nyumba ile anaishi yeye peke yake.